Warusi Waliopita Juu ya Kakuma

Wanangu, mnaponiona nimekaa hapa barazani na miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea, msidhani nilizaliwa nikiwa bibi. Mimi Akai nilikuwa mtu wa redio. Shirika la misaada lililoniajiri Lodwar, na baadaye likanipeleka Kakuma, liliniweka mbele ya redio kila asubuhi niviite vituo vyetu kimoja kimoja. Kalokol, mko? Lopur, mko? Nikiambiwa gari limezama mchangani, dawa zimekwisha, fulani amejifungua mapacha, nami nawapasha wengine. Nilijua habari za Turkana nzima kabla watu hawajapiga mswaki, na jambo hilo lilinipa kiburi kidogo.

Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa. Leo nataka kuwaeleza ile ambayo sikulipwa, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkiuona ule ufito wenye vyuma kwenye paa la jiko langu na kudhani ni wa kuanikia nyama.

Huko juu kuna vyombo vinavyoizunguka dunia mchana na usiku, na vingi vinasema. Vingine vinatuma picha za mawingu. Vingine vinajisemea habari zao wenyewe, joto limefika wapi, betri imejaa kiasi gani. Na kimoja, enzi zile za miaka ya tisini, kilikuwa na watu ndani. Wala havinong'oni. Chombo kikiwa juu yako hakuna mlima wala mti kati yenu, kwa hiyo redio ndogo ya gari inakipata vizuri kuliko inavyoipata Kalokol. Watu wa Nairobi walikuwa na umeme kwenye kila ukuta, na kila ukuta ulipiga kelele redioni. Sisi hatukuwa na umeme, basi tukawa na anga safi. Kunyimwa nako mara nyingine kunakuja na faida yake.

Ninyi mnaopata kila kitu kwenye simu mtaniuliza, ilikuwa na maana gani? Haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa tamu. Mkishakula embe mnauliza maana yake?

Aliyenionjesha utamu huu ni Mzee Odhiambo, fundi wetu wa redio pale Lodwar, mtu wa Homa Bay, mfupi, mwenye hasira za karibu na mikono ya taratibu. Alinifundisha kulehemu kwa kunigonga vidole na penseli kila nilipokosea. "Unapasha joto risasi ya nini?" alikuwa akifoka. "Pasha waya! Waya ukishapata moto, risasi itakuja yenyewe, haihitaji kubembelezwa." Mpaka leo nikiona kijana anayeyusha risasi juu ya waya baridi, vidole vyangu vinauma.

Mzee huyo alikuwa na majarida ya zamani ya wapenzi wa redio, yameliwa na mchwa pembeni, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa kifaa cha kugeuza sauti ya setilaiti kuwa picha. Tulikiunda ndani ya kisanduku cha sabuni, tukakiunganisha na kompyuta ya ofisi saa ya chakula, wakubwa wakiwa wamekwenda kula. Setilaiti za hali ya hewa zilipita zikitoa sauti ya tik-tok, tik-tok, na kila tik-tok kompyuta ikachora mstari mmoja. Mistari ikipangana inakuwa mawingu. Siku ya kwanza picha ilipokamilika, nilipiga kigelegele hadi mpishi akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Tuliichapa, tukaibandika ukutani. Tulimwonyesha kila dereva. Mkubwa wetu aliisifu sana, akaonyesha kwa kalamu mawingu yanayotoka Ethiopia kutujia. Siku kadhaa baadaye Mzee Odhiambo alisimama mbele ya picha ile na kikombe cha chai, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, kisha akaniita.

"Akai, hili si Ziwa Victoria?"

"Ndilo, Mzee."

"Ziwa la kwetu limehamia Ethiopia lini, na kwa ruhusa ya nani?"

Ndipo tukaelewa. Setilaiti ikitoka kaskazini kwenda kusini, picha inakuja imesimama. Ikitoka kusini inaanza kuchora Tanzania, kwa hiyo Tanzania inakaa juu na sisi wote tunasimama kwa vichwa. Tuliigeuza kimyakimya. Mkubwa wetu aliporudi aliisifu tena, kwa maneno yale yale. Tulicheka mpaka Mzee Odhiambo akalazimika kutoka nje.

Antena yangu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe. Mpini wa ufagio, na vijiti vya shaba nilivyonunua kwa mchomeleaji wa Lodwar. Kijiti kirefu kuliko vyote kinakaa nyuma, kinachofuata ndicho kinachounganishwa na waya wa redio, na vile vya mbele vinazidi kuwa vifupi. Mnaielekeza kule chombo kiliko na mnatembea nacho polepole. Nilikwenda nayo Kalokol siku moja kwa kazi ya ofisi, na mama mmoja wa kukausha samaki akaniangalia kutoka kwenye vichanja vyake.

"Ejok!" akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi, mama."

"Hiyo mbuta yako mbona imebaki mifupa peke yake? Ulikula na nani?"

Tangu siku hiyo madereva wote waliiita mbuta, kama yule samaki mkubwa wa ziwani. Madam, umebeba mbuta? Nimebeba.

Nawapa siri mbili ambazo hamtazikuta kwenye maelezo ya kiwandani. Sauti ikififia, msikimbilie kuhamisha antena. Zungusheni kiganja kwanza, maana chombo kinajipindua huko juu na mawimbi yake yanalala upande. Pili, chombo kinapokuja sauti yake inakuwa juu kidogo, kikiondoka inashuka, kama honi ya lori linalopita. Kwa hiyo anzeni kutegea juu kidogo ya mahali pake, mmalizie chini kidogo. Na mkiwa hamna leseni ya kusema, sikilizeni tu. Mimi kitufe cha kusemea nilikibandika plasta ya kidonda, kwa sababu najijua mdomo wangu.

Sasa nije Kakuma, maana huko ndiko nilikoonja utamu kuliko wote.

Ofisi yangu katika kambi ya wakimbizi ilikuwa kontena la chuma. Asubuhi unaweza kukaa, mchana unaweza kukaangia mayai. Kisanduku changu cha sabuni kiliungua huko, nikaenda sokoni kutafuta kipuri. Nikaelekezwa kwa mtengeneza redio mmoja kutoka Bukavu, jina lake Byamungu. Alikuwa mrefu, amekonda, anapasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la makaa, na ana rundo la kaseti mbovu kiasi cha kujaza toroli. Akakifungua kisanduku changu, akakitazama kidogo tu.

"Mama Akai, hii kintu yako inageuza sauti ikuwe picha. Njo vile?"

Kwao "njo" ni "ndiyo". Nikashangaa. Hakuna mtu wa soko aliyewahi kukijua. Nikamuuliza amejifunza wapi, naye akasema Urusi. Alipelekwa na serikali ya kwao akiwa kijana, enzi za Wasovieti, akasoma uhandisi wa umeme mjini Leningrad. Huku akikitengeneza kisanduku, akanieleza theluji inayofika dirishani, treni zinazopita chini ya ardhi, wanawake wazee wanaouza kachumbari ya matango. Vyeti vyake? Viliungua vitani pamoja na nyumba.

Nilimwamini nusu. Msinilaumu. Kambini kila mtu aliyepoteza kila kitu alikuwa na kitu kikubwa alichokipoteza, na wengi walisema kweli, lakini utamjuaje wa kweli? Huyu alikuwa mkurugenzi, yule alikuwa na malori. Mtu akishanyang'anywa karatasi anabaki na mdomo wake tu kuwa shahidi.

Lakini mimi sikuwa na sababu ya kuhitaji ushahidi. Aliyekuwa nayo ni Furaha.

Furaha alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, amekaa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la Msomali, mcheshi, mwepesi wa kujibu, asiyedanganyika kwa kitambaa. Byamungu alimpenda mpaka alikuwa akichana mashati yake mwenyewe apate sababu ya kuyapeleka. Na Furaha naye alimpenda, nilijua, kwa sababu alikuwa akiyashona bure. Ila akiambiwa habari ya ndoa, aliinamia cherehani yake. Siku moja nilipokwenda kupunguziwa gauni nikamuuliza kwa nini anamtesa mtoto wa watu.

"Dada Akai," akasema, pini ziko mdomoni, "mwanaume mmoja alishanijengea nyumba ya maneno, na miye nikahamia. Alisema iko na kaka Canada, atatuita. Haiko kaka, haiko Canada. Niliamka siku moja, hata yeye haiko. Sasa huyu anakuja na Urusi."

"Huenda ni kweli."

"Huenda. Kama Urusi ni kweli, nitaamini na ile ingine yote alishaniambia. Kama ni uongo, basi hata vile ananipenda ni uongo. Sitahamia mara ya pili."

Nikamwambia amjaribu kwa Kirusi. Akatoa pini mdomoni akacheka. "Hata miye naweza kusema strov-strov-ski. Nani atajua?" Alikuwa na haki. Kulikuwa na Mwethiopia mmoja kambini aliyesemekana kusoma huko huko, lakini alikwisha kupata nchi ya kwenda, akapanda ndege, akaenda zake na Kirusi chake. Kakuma nzima, yenye lugha nyingi kuliko maduka, haikubaki na mtu wa kumwambia Furaha kama Byamungu anasema kweli.

Basi alasiri moja Byamungu alikuja kontenani kunirudishia redio ya gari. Nilimkaribisha chai. Mimi nilikuwa nimejiandalia mambo yangu, maana nilijua kile chombo chenye watu kinakaribia kupita. Kilikuwa kituo cha Warusi, kikiitwa Mir. Sikuwa na ratiba yake. Nilikuwa naweka alama ya kivuli kwenye ukuta wa kontena siku ninayokipata, na najua kesho kitakuja mapema kidogo kuliko hapo. Nilishazoea kuwasikia. Kwangu zilikuwa sauti tu za wanaume waliochoka, wakisema lugha nisiyoielewa.

Nikainua antena mlangoni. Mkwaruzo, mkwaruzo, halafu sauti ikatoka wazi kabisa, na nyuma yangu nikasikia kikombe kimeanguka.

Byamungu alikuwa amesimama. Alikuwa akiijibu redio. Plasta yangu ipo pale pale, hakuna wa kumsikia, na yeye anajibu tu kwa lugha ile ile, mikono inaruka, anacheka na machozi yanamtoka. Nilipata woga, kisha nikapata furaha ambayo siwezi kuieleza.

"Anasema nini? Byamungu! Anasema nini?"

"Anazungumza na mutu wa kwabo, iko ndani ya meli, mbali huko baharini. Anamuuliza..." Akajifuta pua. "Anamuuliza mupira uliishaje."

Yaani mtu yuko juu ya dunia nzima, anaziona bahari zote kwa mara moja, na anauliza matokeo ya mpira! Tulicheka mpaka chombo kikazama upande wa pili. Hapo nusu yangu iliyobaki ikamwamini.

Akakimbia kwa Furaha kumweleza. Furaha akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza swali moja tu. "Na nani atajua kama aliuliza mupira, ama ni weye umetunga?" Byamungu akarudi kwangu mabega yamelegea, na mimi nikashikwa na hasira, si kwa Furaha bali kwa jambo lenyewe, kwa sababu alikuwa na haki tena.

Tukaendelea kusikiliza. Akawa anakuja kila alasiri, naye Lokwang, askari wetu wa lango, akawa anavuta kiti. Tulipata habari za Warusi wale kama majirani. Mmoja alikoroma. Mwingine alipanda vitunguu kwenye mkebe. Lokwang aliwapenda sana. "Hii watu ya juu," alisema, "nani inawaletea maji?"

Kisha ikaja siku yenyewe. Chombo kilipita karibu na utosi, sauti safi kama ya mtu wa chumba cha pili. Byamungu alikuwa akitufasiria neno kwa neno, na ghafla akainua kidole.

"Anasema muzunguko wenye kuja atawasha kamera. Watatuma picha kwa hii redio. Na mwenzake..." Akaanza kucheka. "Mwenzake anakataa kupigwa picha bila fulana yake. Alikuwa mwanamaji. Anataka avae ile fulana ya wanamaji wa kule, ya mistari, bluu na nyeupe. Sasa banaitafuta, imepotea ndani ya mizigo."

Lokwang akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaona kilichotuangukia. Mtu hahitaji kujua Kirusi ili aone fulana. Byamungu naye akaona, sote tukatazamana, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatoka mbio kuelekea sokoni.

Chombo kile kiliizunguka dunia kwa muda wa kupika githeri na kuila. Ndani ya muda huo nilikiangalia kisanduku changu cha sabuni mara kumi, nikaisogeza kompyuta mlangoni ili skrini itazame nje, na nikajuta kumwacha akimbie. Maana nilijua jambo ambalo Byamungu kwa furaha yake alilisahau. Dunia inageuka chini ya chombo, kwa hiyo kila mzunguko kinapita magharibi zaidi. Safari hii kitapita chini sana, juu ya milima ya Uganda. Sauti itakuwa dhaifu. Na sauti ikichafuka kidogo mtu bado anamsikia mwenzake, lakini picha ikichafuka haionekani.

Akarudi na Furaha, ametoka kazini vile vile, tepu ya kupimia nguo ingali shingoni. Nyuma yao soko zima, na kwaya ya Wasudani iliyokuwa ikitoka mazoezini na ngoma zake. Nikamvuta Byamungu pembeni nimwonye, nikachelewa. Alikuwa ameshasimama mbele ya Furaha.

"Utaona mutu na fulana ya mistari. Bluu na nyeupe. Miye nilisikia na masikio yangu."

"Na akitokea na shati?"

"Basi usinione tena. Sitakuja kibarazani pako, sitaleta nguo, sitakusalimia hata njiani."

Nilitaka kumziba mdomo kwa plasta yangu. Furaha akasema, "Sawa," kwa sauti ndogo, na nikaona naye anaogopa. Hakutaka kushinda. Alitaka kushindwa, maskini, tena alitaka sana.

"Madam," Lokwang akaniita kutoka kwenye jenereta, "mafuta imebaki kidogo. Lakini mimi iko hapa. Ikitaka kuzima nitaongea na yeye."

Nikapanda juu ya kontena na mbuta yangu mkononi. Byamungu akakaa kwenye redio. Chini yangu sikuweza kuona skrini, niliona vichwa tu. Nikaielekeza antena kwenye milima, nikangoja, paa likinichoma kupitia sapatu.

Ilikuja. Sauti ya picha si ya mtu. Ni mlio mwembamba unaopanda na kushuka, kama jogoo mwenye mafua. Kompyuta ikaanza kuchora kutoka juu kwenda chini. Nikasikia watu wakiguna.

"Ni nini?" nikapiga kelele.

"Changarawe!" Byamungu akajibu. Picha ya kwanza yote ilikuwa changarawe tupu.

Chombo kilikuwa kikipita kandokando ya milima, hakipandi. Redio ikanyamaza, kisha mlio ukaanza tena. Picha ya pili, na nilijua hakutakuwa na ya tatu. Nikazungusha kiganja, sauti ikajaa. Nikasimama kwa vidole ukingoni kabisa mwa paa.

"Dari!" watu wakaita. "Waya! Waya nyingi!"

"Nywele! Ni kichwa cha mutu!"

"Iko na macho!"

"Inacheka!"

Na hapo hapo, uso ukiwa umekamilika na shingo inaanza, sauti ikaanza kufifia. Nilizungusha, nikainama, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Ikarudi, ikafifia, ikarudi kidogo, kisha mlima ukaimeza. Ukabaki mkwaruzo.

Nikasikia Byamungu akisema kwa sauti kavu, "Njo hiyo. Mistari. Muone mistari."

"Lakini mistari iko picha yote," mtu akasema. "Hata ukutani. Hata usoni iko."

Ilikuwa kweli, na nilijua bila kuona. Sauti ikiharibika kompyuta huchora mistari ya kelele, bluu, nyeupe, rangi yoyote. Picha mbovu humvika fulana ya mistari hata ng'ombe. Nilikaa chini juu ya chuma cha moto, na sikuujali moto. Ningetaka kusema kitu cha kumsaidia, na hakukuwa na kitu cha kweli cha kusema.

Nikachungulia chini kutoka ukingoni mwa paa, nikamwona Furaha akipenya kati ya watu. Akapiga magoti mbele ya skrini, karibu sana. Akaweka kidole kwenye kioo, akakitembeza.

"Hizi," akasema, "zinatoka ukingo mpaka ukingo. Zinapita kwa uso, zinapita kwa ukuta, hazijali kitu. Hizi ni kelele ya redio." Kidole kikashuka. "Lakini hizi hapa haziendi sawa. Zinafika begani, zinateremka. Hapa kwapani zinakutana, moja juu ya moja. Kelele haina bega. Kelele haina kwapa." Akageukia watu. "Miye nashona mistari tangu nikiwa mutoto. Hii ni kitambaa. Huyu mutu amevaa fulana."

Jenereta ikakohoa mara mbili, skrini ikazimika, na Lokwang akatukana kwa Kiturkana maneno nisiyoweza kuwatajia.

Furaha akasimama, akajikung'uta vumbi magotini. Akaivua ile tepu shingoni, akamwendea Byamungu, akaiweka kutoka bega moja hadi jingine. Akaisoma. Akaishusha mkononi, akaisoma tena, midomo ikitaja namba kimyakimya. Byamungu alikuwa akitetemeka kama mwenye homa.

"Simama muzuri," akamwambia. "Suti ya harusi haipimwi kwa mutu anatetemeka."

Ngoma za Wasudani zililipuka. Vigelegele vikatoka kila upande, vya Kidinka, vya Kikongo, na cha Kiturkana kilichotoka juu ya kontena kilikuwa changu, na kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Wanangu, nimewahi kuita daktari kwa redio na mgonjwa akapona, na nilifurahi, lakini ile ilikuwa kazi yangu. Siku hii nilipewa bure kabisa, kwa sababu ya kupenda tu kujua nani anaongea huko juu.

Byamungu, mtu wa maneno mengi kuliko yeyote niliyepata kumjua, akamwambia Furaha kitu kimoja kifupi, kwa Kirusi.

"Umesema nini?" Furaha akamuuliza.

Akamfasiria sikioni. Mimi nilikuwa juu ya paa na antena yangu yote mkononi, na neno hilo sikulipata. Mpaka leo hawajaniambia. Lakini nilimwona Furaha akilisikia, na nilimwona akiamini papo hapo, bila kugeuka kutafuta shahidi.